Katibu mmoja, madole gumba ishirini

Katika vyama vingi vya akina mama hapa Kenya kuna daftari moja la mistari, na mama mmoja wa kulishika. Ndiye aliyesoma. Huandika nani ametoa, nani amekopa, nani amepigwa faini kwa kuchelewa. Wenzake hutia dole gumba pale wanapoonyeshwa. Wanamwamini, na mara nyingi anastahili kuaminiwa. Lakini nikisikia vyama hivi vikisifiwa kuwa ndivyo shule ya wanawake, huuliza kwanza: katibu akiugua wiki mbili, nani atalisoma daftari?

Wanaovisifu wana historia upande wao. Maendeleo ya Wanawake, shirika la akina mama la nchi nzima, ilianza 1952 ikiwa na klabu za vijijini ambako mama alienda kujifunza kushona, usafi na malezi, na humo humo akashikishwa kalamu. Mpango huo ulikuwa na busara ambayo wizara huikosa. Mtu mzima huona haya kuonekana akielekea kwenye darasa la ngumbaru. Jina lenyewe watu hulitamka wakicheka. Klabuni hakuna wa kumcheka. Ameenda kwa wenzake, mtoto yuko mgongoni, na kama amejifunza kuandika jina lake jioni hiyo, hiyo ni siri yake na aliyekaa naye mkekani.

Linganisha na kampeni ya 1979, serikali ya Moi ilipotangaza kwamba kutojua kusoma kungekomeshwa ndani ya miaka mitano. Mwaka huo wa kwanza walijiandikisha zaidi ya watu 400,000, wengi wao wanawake. Haukupita muda madarasa yakaanza kupwaya. Mvua ilinyesha, mahindi yakaiva, na walimu wengi walikuwa wakilipwa kifuta jasho tu. Ila naona kulikuwa na sababu nyingine iliyo nzito zaidi: aliyemaliza silabi alirudi nyumbani ambako hakukuwa na kitu cha kusoma. Chama kina kitu cha kusoma kila kikao. Kina deni la mtu fulani, na hakuna maandishi yanayomvuta msomaji kama deni la mwenzake. Au lake mwenyewe, likiandikwa zaidi ya alivyokopa.

Hapo ndipo wakosoaji wanapoingia, nao hawasemi ovyo. Maendeleo ya Wanawake ilipoanza ilikuwa mikononi mwa wake wa maofisa na masetla wa Kizungu, katika mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Serikali ya kikoloni ilizitumia klabu kuwavuta wanawake wa Mkoa wa Kati wawaache Mau Mau, na pamoja na masomo ya usafi yakaja maziwa ya watoto. Baadaye Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza, lakini mvutano wa nani anaishika haukuisha: mwaka 1987 iliunganishwa na KANU, na chama cha akina mama kikawa mkono wa chama tawala. Aliyekuja kujifunza kusoma hakuulizwa kama alitaka pia kupiga makofi.

Kuna pia suala la mchango. Asiye na hela ya kutoa kila wiki hayumo chamani, na mara nyingi huyo huyo ndiye hakupelekwa shule.

Lakini hoja inayonisumbua zaidi ni ya yule katibu. Chama kikipata msomi mmoja mwaminifu, wengine ishirini hawana haja tena ya kujua kusoma. Umoja unaosifiwa ndio unaowapumzisha. Utafiti wa kitaifa wa 2006 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima Kenya walijua kusoma na kuandika: wanaume 64.2, wanawake 58.9. Nusu karne na zaidi tangu klabu za kwanza, wanawake wanne kati ya kila kumi walikuwa bado nje. Siwezi kuvitwika vyama takwimu hiyo, maana karo na ndoa za mapema vina dhambi kubwa zaidi. Ila haielekei kuwa kujumuika peke yake kunatosha.

M-Pesa, iliyoingia 2007, imelifanya jambo hili kuwa la haraka. Wako akina mama ambao hawakuwahi kumaliza kitabu cha kwanza lakini husoma kiasi kilichoingia kwenye simu bila kukosea hata shilingi. Wako wengine wamempa mjukuu namba ya siri. Katibu amehamia kwenye simu, na safari hii ana miaka kumi na miwili.

Priscilla Sitienei, mkunga wa kijiji cha Ndalat aliyeanza shule ya msingi akiukaribia umri wa miaka 90, alitaka kusoma Biblia na kuandika dawa za mitishamba alizozijua. Alikalia dawati pamoja na watoto wa uzao wake. Dunia ilimshangilia hadi alipofariki 2022, nami pia nilifurahi, ingawa nilijiuliza kwa nini bibi mwenye elimu ya kuzalisha kijiji kizima alilazimika kuvaa sare ya shule ili apate mwalimu.

Kwangu mimi, mwalimu alipwe na serikali, mshahara wa kweli, na asitegemee huruma ya wanachama. Mahali, siku na cha kusoma viachiwe akina mama. Na daftari lizunguke kama pesa zinavyozunguka: kila mwezi mtu mwingine aandike, hata kama ataandika polepole na katibu wa zamani akae karibu kumsahihisha. Kikao kitachelewa kwisha. Wiki ya mavuno kikihamishwa kutoka Jumatano hadi Jumapili, mwalimu naye aje Jumapili.