Nyayo za kupinda zinatibika, filamu zenu mbona hazisemi?

Juzi kwenye grupu la familia mtu katupia filamu fupi, dakika tatu hivi, ya mtoto aliyezaliwa na nyayo za kupinda. Nimeiangalia mara mbili na zote nimeumia. Kinanda cha huzuni, mama analia mlangoni, kamera imeganda kwenye miguu tu hata sura ya mtoto hatuioni, halafu sauti nzito inasema hatatembea kamwe. Mwisho namba ya kuchangia.

Hatatembea kamwe? Jamani nani kawaambia? Mtoto wa kaka yangu kazaliwa miguu yote miwili imegeukia ndani, leo ana miaka sita na anacheza chandimu. Wifi yangu alimfunika khanga wiki tatu nzima, mgeni akija anajifanya mtoto kalala, maana bibi mmoja alishamwambia kuna kitu alikicheka akiwa mjamzito. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna njia inaitwa Ponseti, mguu unanyooshwa kidogo kwa mikono, unafungwa POP, ile plasta ngumu, wiki inayofuata wanafungua wananyoosha tena wanafunga tena, wiki tano sita hivi, wengi wanakatwa kidogo tu kano ya nyuma ya kisigino, na ukianza mtoto akiwa mchanga ndo rahisi zaidi. Hayo yote yanaenea kwenye dakika tatu!

Halafu kuna vile viatu vilivyounganishwa na chuma. Miezi mitatu ya mwanzo anashinda navyo na kulala navyo, baadaye ni wakati wa kulala tu, usiku na hata usingizi wa mchana, mpaka miaka minne hivi. Hapo ndo watu wanashindwa, kwa sababu mguu ushanyooka, mtoto analia saa nane usiku, jirani anauliza mnamtesa nini, baba anasema mvue apumzike. Kaka yangu alimvua, mguu ukaanza kurudi, wakarudi kwenye POP upya. Nataka filamu ya usiku ule, mama amekaa kitandani na kiatu mkononi, ili mzazi mwingine asivue.

Najua mtasema bila machozi watu hawachangii. Haya, nakubali, lieni sekunde 30 za mwanzo. Na wekeni maandishi chini, wazazi viziwi nao wana watoto.

Huyo mtoto wa kaka mwenyewe alichungulia simu yangu ile filamu ikiwa inaisha, akaniuliza, "Shangazi, huyo mtoto viatu vyake viko wapi?"