Galaga ya kaseti na Galaga ya mashine: kasoro ni za nani?

Hapa Tanga gemu hii wengi wanaijua kwa sura kuliko kwa jina. Taja Galaga mitaa ya Ngamiani na wengine watakutazama tu. Taja ile gemu ya ndege inayopiga nyuki na kila mtu ana la kusema. Iliingia majumbani ndani ya kaseti za manjano zenye gemu mia, zikichomekwa kwenye mashine za kuiga Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya Nintendo. Siku hizi imerudi kwa mlango mwingine. Vijiti vya HDMI vinavyochomekwa nyuma ya runinga bapa vimebeba Galaga ya mashine, ile ya kumbi za michezo iliyotolewa na Namco mwaka 1981. Hapo ubishi unaanza. Aliyekulia kwenye kaseti anasema hii ya kijiti ni ndogo, ina haraka mno na haina utamu. Aliyezoea ya mashine anasema ya kaseti ni nakala iliyokatwakatwa: nzito, yenye picha za kupepesa. Wote wana hoja, ila sehemu kubwa ya lawama inamwangukia asiyehusika.

Tuanze na asili. Mashine ya 1981 ina skrini iliyosimama wima, nukta 224 kwa upana na 288 kwa kimo, na kazi inagawanywa kwa prosesa tatu aina ya Z80. Kikosi kamili ni wadudu 40: wakuu 4 juu, vipepeo 16 katika safu mbili, nyuki 20 katika safu mbili chini yao. Joistiki inakwenda kushoto na kulia tu. Kila kitu kimepimwa kwa uwanja mrefu na mwembamba, ambamo mdudu anashuka kutoka mbali na wewe una muda wa kusoma njia yake.

Toleo la Famicom lilitoka Februari 1985 kwa nembo ya Namcot, jina la Namco kwa gemu za nyumbani, na Marekani likauzwa na Bandai mwaka 1988 kwa jina Galaga: Demons of Death. Famicom inachora nukta 256 kwa 240, kwa runinga iliyolala. Waandaaji wangeweza kutandaza wadudu ukuta hadi ukuta, lakini hawakufanya hivyo. Walikata ukanda wa kulia, wakaweka humo pointi, ndege za akiba na beji za hatua, ili uwanja uliobaki ukaribie umbo la asili. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Aliyewahi kuona Galaga ya Atari 7800, mashine nyingine ya nyumbani, ambayo uwanja wake umetanuliwa, ataelewa: ukipanua uwanja, safari ya ndege kutoka ukingo hadi ukingo inakuwa ndefu, na mbinu ya kumsubiri mdudu pembeni inapoteza maana. Hiyo ya Atari pia ilibaki na sauti ya chipu ya TIA yenye njia mbili tu, kwa hiyo tuiache.

Kizuizi kikubwa cha Famicom ni vipande vinavyotembea, yaani picha ndogo zinazosogea juu ya mandhari. Inaruhusu 64 kwa jumla, na visizidi 8 kwenye mstari mmoja wa picha. Safu moja ya nyuki ina nyuki 10. Hata kama kila nyuki angetosha kwenye kipande kimoja, tayari umepita 8, na kwa kweli nyuki mmoja anahitaji viwili kwa upana. Ndiyo maana kikosi kilichotulia hakiwezi kuchorwa kwa vipande. Lazima kiwe sehemu ya mandhari, na mdudu ageuke kuwa kipande pale anapoachana na wenzake kushambulia. Wadudu wanne wakipita kimo kimoja wakiwa angani, mstari umejaa. Akija wa tano, vipande viwili vinakosa nafasi, na vipande huonekana na kupotea kwa zamu. Hicho ndicho kupepesa kunakolalamikiwa. Kisifichwe, ni kasoro ya kweli ya toleo hilo. Lakini kwenye runinga ya kioo kinene kupepesa huko ni kudogo, maana jicho linaziunganisha fremu mbili, yaani picha mbili zinazofuatana. Kuna sababu nyingine kwa nini leo kunaonekana kubaya zaidi, na nitaifikia.

Sauti nayo imepungua. Mashine ina njia tatu za mawimbi yaliyochorwa maalumu pamoja na saketi ya milipuko. Famicom ina mawimbi mawili ya mraba, moja la pembetatu na kelele. Nyimbo zinatambulika, ila ule mlio wa kengele wa asili hauko.

Katika uchezaji wenyewe, tofauti iko kwenye kimo. Ndege moja ya Galaga inaruhusiwa kuwa na risasi mbili tu angani kwa wakati mmoja. Ukikosa, huwezi kupiga tena mpaka moja igonge au itoke juu ya skrini. Kwenye uwanja wa nukta 288 kukosa ni ghali, kwa sababu risasi inasafiri njia ndefu ikiwa imekushika mkono. Kwenye uwanja mfupi wa kaseti safari inapungua, kwa hiyo adhabu ya kukosa ni ndogo zaidi, lakini mdudu anayeshuka naye anakufikia kutoka karibu. Anayetegemea kitufe cha tabo, kile cha kupiga mfululizo, kwenye pedi za kuiga ajue hakimsaidii kama anavyodhani: kinaijaza tu ile nafasi ya risasi mbili, na akilenga vibaya kinamwacha mtupu wakati mkuu anashuka.

Uamuzi mkuu wa gemu nzima, kukubali kutekwa ili upate ndege pacha, upo kwenye matoleo yote mawili, na ndiyo sababu sikubali kuliita la kaseti nakala mbovu. Mkuu anashuka, anawasha mwanga wa kunasia, anaipandisha ndege yako. Ukiwa huna ya akiba, gemu imekwisha hapo. Ukiwa nayo, unasubiri mkuu yule ashuke tena na mateka wake, unampiga yeye mara mbili bila kumgusa mateka, na ndege inarudi kuungana nawe. Ukimpiga akiwa bado amekaa kwenye safu, mateka harudi kwako, anageuka adui. Baada ya hapo una risasi nne angani badala ya mbili, na mwili mpana maradufu wa kulinda. Katika hatua za changamoto, ya tatu na kisha kila baada ya nne, ambapo wadudu 40 wanapita bila kufyatua na kuwamaliza wote kunalipa pointi 10,000, ndege pacha ni karibu lazima. Uzito wa kamari hiyo ulihamishwa mzima ndani ya kaseti ya kilobaiti 24.

Sasa tuje kwenye lile linaloitwa uzito wa Galaga ya kaseti.

Famicom ya Japani inatoa fremu 60 kwa sekunde. Mashine za kuiga zilizotengenezwa kwa nchi zilizotumia PAL, mfumo wa runinga wa fremu 50, kama yetu, zinatoa 50. Prosesa yao inakimbia karibu sawa na ya Japani, lakini gemu hii haihesabu muda kwa saa ya prosesa. Kila fremu, ndege inasogea hatua moja, risasi hatua moja, nyuki hatua moja. Fremu zikipungua kutoka 60 hadi 50, kila kitu kinakwenda kwa sehemu tano ya sita, muziki ukiwamo. Mchezo wa dakika 10 Japani unachukua dakika 12 hapa. Na sehemu hiyohiyo inajirudia kwenye picha: PAL ina mistari 288 inayoonekana, kaseti inachora 240, ambayo tena ni tano ya sita. Ndiyo ile mikanda myeusi juu na chini, na nyuki waliobonyea kana kwamba wamekaliwa.

Kwa hiyo mtu wa Tanga anayesema Galaga ya kaseti ni nzito na fupi anasema kweli kuhusu alichokiona. Ila alichokiona si kazi ya waandaaji wa 1985. Ni kazi ya mashine ya kuiga. Na mwenzake anayeona ya kijiti ina haraka mno, anaiona gemu kwa mara ya kwanza katika mwendo wake halali.

Runinga bapa inaongeza tatizo la pili. Mashine ya kaseti inatuma picha nzima kila fremu, ya mistari michache. Runinga nyingi bapa zinaichukulia kama nusu-picha za matangazo ya zamani na kujaribu kuziunganisha mbili mbili. Kipande kinachopepesa, kilichopo kwenye fremu hii na kisichokuwapo kwenye inayofuata, kinatoka kikiwa na mistari kama meno ya kitana, au kinatoweka kabisa. Unagongwa na nyuki usiyemwona. Juu ya hapo kuna kuchelewa: runinga inaichakata picha kabla ya kuionyesha, na kitufe unachobonyeza kinajibiwa baadaye. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha, zima kulainisha mwendo na kupunguza chengachenga. Kuchelewa kutapungua, meno ya kitana huenda yakabaki. Kwa Galaga ya kaseti, runinga ya kioo kinene ya inchi 14 au 21 bado haina mpinzani, na mafundi wanazo zimekaa tu.

Upande wa kijiti nao una malalamiko yake, na la kwanza ni udogo. Tupime. Runinga bapa ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40. Picha ya wima ya tatu kwa nne ikijaza kimo hicho inapata upana wa sentimita 30. Mashine nyingi za kumbini zilitumia kioo cha inchi 19, ambacho kikisimamishwa wima ni kama sentimita 29 kwa 39, na kinachoonekana ni pungufu kidogo ya hapo. Yaani picha ya kijiti kwenye runinga ya kawaida ya sebuleni ina ukubwa wa ile ya asili. Kinachoifanya ionekane ndogo ni kukaa kwenye kochi mita tatu mbali, wakati kumbini uso ulikuwa nusu mita kutoka kwenye kioo. Sogeza stuli.

Kosa baya zaidi ni kuivuta picha ijaze runinga yote, na vijiti vya bei rahisi mara nyingi vinakuja vimepangwa hivyo. Kila nukta inapanuka karibu mara 2.4. Ndege inaonekana inateleza kwa kasi pembeni huku risasi ikipanda polepole, na makadirio yote ya kulenga yanavurugika. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua uwiano wa asili, na utoaji uwe fremu 60, si 50. Ukitaka kuilaza runinga ubavu, ifunge kwenye kishikio cha ukutani kinachozunguka, usiiegemeze, na hakikisha matundu ya hewa hayazibwi. Jaribu kwanza kuitazama kutoka chini kabla hujailaza: paneli nyingi za bei nafuu hubadilika rangi zikitazamwa kutoka chini, na ukiilaza, chini inakuwa kushoto au kulia.

Kuna jambo la mashindano ya barazani. Pointi za kaseti na za mashine zisiwekwe kwenye ubao mmoja. Mashine ina swichi ndogo zinazoamua ndege za kuanzia, 2 hadi 5, ugumu, na pointi za kupewa ndege ya ziada, mkubaliane kabla. Vilevile ina hitilafu maarufu: katika hatua ya kwanza ukiua wote na kuwaacha nyuki wawili wa kona ya chini kushoto, ukawakwepa kama dakika 15, risasi zinazofyatuliwa ukingoni kabisa hukwama kwenye orodha, nafasi hazifunguki, na wadudu hawapigi tena gemu nzima. Ikatazwe kwa kuweka muda wa mwisho wa hatua ya kwanza.

Anayebaki na kaseti ana adui mwingine, chumvi ya bahari. Nyumba za kuelekea Raskazone meno ya shaba ya kaseti yanapata kutu ya kijani haraka. Usipulize, mate yanaongeza unyevu. Futa kwa pamba yenye spiriti safi, penye ukaidi pitisha kifutio cha penseli taratibu, acha pakauke. Adapta nyingi ni za volti 9, lakini ncha ya katikati ni hasi kwenye mashine zingine na chanya kwenye nyingine. Soma mchoro ulio chini ya mashine kabla ya kuazima ya jirani.

Kama nyumbani kuna kioo kinene na watoto wawili wa kupokezana pedi, ningebaki na kaseti bila kusita. Kwa anayetaka kujifunza Galaga kwa pointi, kijiti kwenye fremu 60 na uwiano wa asili, au bora zaidi mkusanyo wenye leseni kama Namco Museum Vol. 1 ya PlayStation kwa mwenye nayo. Na kabla ya kubishana ni ipi nzito, bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya runinga: nyingi zitakuandikia kwenye kona kama ishara inayoingia ni ya 50 au ya 60.