Mkimbiaji wa Kutazamwa

Mimi ni mrefu, mwembamba, na miguu yangu imeanzia karibu na kwapa. Hapa Nairobi ukiumbwa hivi hakuna anayekuuliza kama unakimbia. Unaulizwa unakimbia mbio gani. Nilizaliwa Voi, mbali na milima ya wakimbiaji. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuza matatu ya Kawangware, na ikaniacha.

Ofisi ilipotafuta watu wa mbio za kilomita 21, jina langu liliandikwa la kwanza nikiwa msalani. Niliporudi nilikuwa nahodha tayari. Basi saa nne, wakati wa chai, nikawasimulia habari za Cliff Young, mkulima wa viazi wa Australia aliyeingia mbio za Sydney hadi Melbourne mwaka 1983 akiwa na miaka 61. Kilomita 875! Wenye misuli yao walipolala, mzee aliendelea kujikokota gizani, akashinda kwa siku tano na ushee. "Mbio ni kichwa, si mwili," nikamalizia, huku nimenyoosha miguu ili wote waione vizuri.

Mama Chai, anayetuuzia chai na mandazi kwa daftari, alikuwa akimimina. Ni mama mnene, goti moja bovu. Aliuliza tu kama nafasi bado zipo.

Siku yenyewe, alfajiri ya baridi, msimamizi wa mstari alinikagua kuanzia viatu hadi utosini. "Mwanariadha, pita mbele."

Ningesemaje? Nikapita. Nikajikuta katikati ya vijana waliokauka kama kuni, wanarukaruka kimyakimya. Mmoja akaniuliza kwa upole natoka mji gani wa wakimbiaji, "Wewe ni wa Iten ama Kapsabet?"

"Iten."

Akafungua mdomo aulize Iten ya wapi. Bunduki ikaniokoa.

Wale vijana hawakuondoka, walitoweka. Niliwaona migongo kwa mita mia tatu hivi, halafu Nairobi nzima ikaanza kunipita: wazee, maharusi watarajiwa, jamaa aliyevaa kama ndizi. Kwamba jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari nilikuwa nikilijua kama jibu la mtihani. Siku hiyo nililijua kwa mapafu. Kufika kilomita ya nane, fulana yangu nyeupe ilikuwa imenikwangua chuchu zote mbili hadi damu, na mtoto mmoja kando ya barabara akamwuliza mamake kama huyu amepigwa risasi.

Kilomita ya 11, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kijana wangu, mbona umesimama?"

"Sijasimama, Mama. Nakimbia."

Alinitazama kwa huruma. Leso kiunoni, raba za kitambaa, mwendo wa mtu anayewahi maji kabla mfereji haujakatwa. Midomo ilikuwa ikichezacheza, nikamwuliza kama anasali.

"Nahesabu wanaonikopa. Kila kilomita na mdeni wake. Goti likisema tusimame, nalisomea daftari."

"Na hii ya kumi na moja?"

"Ni yako. Mia tatu na hamsini."

Akaniacha hapo. Sijawahi kuona mgongo mpana hivyo ukipungua haraka hivyo.

Kilomita ya 14 nilipanda basi la kuokota waliozidiwa. Dereva alinitazama kwenye kioo, miguu yangu imejaa njia yote ya katikati, akaniuliza kwa heshima, "Wewe ulikuwa pesimeka, yule wa kuwavuta wenzake mwanzoni kisha anatoka, sivyo? Umemaliza kazi yako?" Nikamwambia ndiyo, leo niliwavuta vijana vizuri. Abiria wawili wakanipa mkono.

Nikiwa kwenye kiti, dhamira ikanisuta. Nikatoa simu, nikamtumia Mama Chai mia tatu na hamsini zake kwa M-Pesa, na juu yake hamsini ya pongezi.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima, na picha ya medali.

"Asante kijana wangu, nimepokea. Lakini hebu niambie, mtu anayekimbia anabonyezaje namba ya siri?"