Riba ya mkopo wa gari jipya Marekani: nani hasa anapata nafuu ya kodi?

Sheria ya kodi iliyosainiwa Marekani tarehe 4 Julai 2025 inamruhusu anayelipia gari kwa mkopo kutoa riba, hadi dola 10,000 kwa mwaka, kwenye mapato yanayotozwa kodi. Nafuu hiyo ni ya miaka ya kodi 2025 hadi 2028. Ukisikiliza matangazo ya wauzaji unaweza kudhani kila gari jipya limo. Sivyo.

Gari liwe jipya, mtumiaji wa kwanza awe wewe, na ulinunue kwa matumizi binafsi. Mkopo uwe umeanza baada ya 31 Desemba 2024, na gari lenyewe ndilo liwe dhamana. La mtumba halimo, la kukodi kwa mkataba halimo, na ukikopeshwa na mzazi au kaka yako, riba yake haihesabiwi.

Sharti linalowakwamisha wengi ni kiwanda: gari lazima liwe limekamilishiwa kuunganishwa ndani ya Marekani. Nembo haisaidii kitu hapa. Toyota Camry inatoka Georgetown, Kentucky, na BMW X5 inatoka Spartanburg, South Carolina, kwa hiyo zinapita. Ford Maverick inaundwa Hermosillo, Mexico, na haipiti. Zipo modeli zinazotoka viwanda vya nchi tofauti, hivyo kagua gari lile lile unalolitaka. VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, ikianza na 1, 4 au 5 ni dalili ya Marekani. 2 ni Kanada, 3 Mexico, J Japani. Thibitisha kwa karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye gari au kwa kisoma-VIN cha NHTSA (mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani) kabla ya kusaini. VIN hiyo hiyo utatakiwa kuiandika kwenye ritani yako.

Wanaoitetea sheria wana hoja moja nzito: huhitaji kuorodhesha matumizi yako moja moja kwenye ritani. Hata anayechukua makato ya kawaida, kiasi maalumu kisichotozwa kodi, anaruhusiwa, na hao ndio walipakodi walio wengi.

Sasa tupige hesabu. Mkopo wa dola 35,000 wa miezi 60 kwa asilimia 7 unazaa riba ya takriban dola 2,260 mwaka wa kwanza. Aliye kwenye daraja la kodi la asilimia 12 anaokoa kama dola 270. La asilimia 22, karibu 500. Baada ya hapo riba inashuka kila mwaka. Kuifikia ile dola 10,000 kwa riba hiyo kunataka mkopo wa zaidi ya dola 150,000! Na asiyedaiwa kodi ya mapato kabisa haambulii kitu.

Mwenye kipato kizuri naye ana mtego wake. Mapato yakizidi dola 100,000 (200,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja), kila dola 1,000 ya ziada, au sehemu yake, inapunguza dola 200 kwenye riba unayoruhusiwa kutoa. Punguzo hilo linaanzia kwenye riba uliyolipa kweli, si kwenye 10,000. Kwa hiyo huyu wa dola 2,260, akiwa peke yake, anaishiwa mara tu anapovuka 111,000, ilhali watu wanataja 150,000, ambayo ni ya aliyelipa riba ya 10,000 nzima.

Tuseme gari lisilostahili lina riba ya asilimia 5 na linalostahili asilimia 7, bei zikiwa sawa. Kwa mkopo ule ule, asilimia 7 inakugharimu takriban dola 1,950 zaidi kwa miaka mitano. Kwa daraja la asilimia 22, nafuu yote ya kodi isingefika dola 1,450 hata kama sheria ingedumu hadi mwisho wa mkopo. Chukua la asilimia 5.