Kabla Zege Halijamwagwa, Nani Aliulizwa?

Karibu kila mradi wa njia, mtaro au bustani kwenye mabonde ya Kampala huja na taarifa ya ushirikishwaji wa jamii. Humo mna picha ya watu kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, na sentensi isemayo wananchi waliupokea mradi kwa furaha. Ukitafuta ni nini kilichobadilika kwenye mchoro baada ya kikao kile, hukioni. Msimamo wangu ni kwamba sauti ya mkazi huwa imesikika pale tu inapobadili kipimo kwenye mchoro na kiasi kwenye jedwali la gharama, tena kabla kina na mteremko wa mtaro havijapitishwa. Baada ya hapo kinachobaki kujadiliwa ni rangi ya mabenchi.

Anayekaa bondeni ndiye anayepokea maji ya vilima vyote, na ndiye aliyeachwa nje ya michoro tangu mwanzo. Enzi za ukoloni Kampala iligawanywa kwa rangi: Wazungu juu Nakasero na baadaye Kololo, Wahindi karibu na maduka, Waafrika pembezoni. Upande wa Mengo, uliokuwa chini ya ufalme wa Buganda, haukuhesabiwa kwenye mipango ya mji. Mipaka ya jiji ilikuja kuuingiza mwaka 1968, nyumba zikiwa zimeshajengwa. Leo Bwaise, mtaa wa bondeni, ikifurika, maji mengi yametoka kwenye mapaa, lami na maegesho ya juu, lakini mkazi wa Bwaise ndiye anayeambiwa aache kutupa taka. Taka zipo, sikatai. Ila ukimwuliza atakuonyesha pia udongo wa moramu unaoshuka na kila mvua kubwa kutoka barabara za kilimani zisizo na lami, ukijaza kalvati hata kama hakuna mfuko mmoja wa plastiki.

Tuanze na kikao chenyewe. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anakiitisha Jumanne saa nne asubuhi. Wanaofika ni wenye nyumba, wazee, na wawili watatu wanaojiandaa kugombea. Mama anayeuza mboga soko la Kalerwe alishatoka alfajiri, kijana wa boda yuko steji, na mpangaji wa chumba kimoja haoni kwa nini apoteze siku kwa ajili ya mahali atakapohama mwakani. Kamati ya LC1 ina nafasi za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hilo ni jambo zuri, lakini mwenye nafasi hiyo naye ana genge la kufungua. Wafuate walipo: kwenye bomba la maji saa kumi na mbili asubuhi, steji mchana jua likiwa kali, sokoni saa nane hadi saa tisa wateja wanapopungua, kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa baada ya swala. Watu watano watano wanatosha. Atakayeacha kazi kwa saa mbili au zaidi alipwe muda wake, kama mshauri mwenye shahada anavyolipwa.

Lugha nayo huchuja watu. Luganda kinatosha kwa wengi, lakini kwenye vyumba vya kupanga vya Katwe na Nsambya kuna Wakongo wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, na Kisenyi kuna Wasomali. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, ingawa wapo wazee wanaokikumbuka kama lugha ya wanajeshi, kwa hiyo anayeongoza mazungumzo asije akakitumia kwa sauti ya kuamrisha. Nyaraka za zabuni hubaki kwa Kiingereza. Basi angalau kurasa mbili za vipimo na gharama zitafsiriwe zibandikwe dukani.

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni ndogo na ya bei rahisi: kupima mafuriko kwa kumbukumbu za wenyeji. Chukua mpira mwangavu wa mita 15, ujaze maji, hakikisha hauna kiputo cha hewa, kisha chagua alama moja isiyosogea, kwa mfano ngazi ya msikiti. Nenda nyumba kwa nyumba, walau 15, kila mtu aonyeshe ukutani maji yalifika wapi na mwezi gani. Watu wawili, kila mmoja na ncha yake ya mpira, wanahamisha kimo kile hatua kwa hatua hadi kwenye alama, maana maji husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Kwa nusu siku unapata ramani ya mafuriko ambayo mpimaji aliyekuja Januari, wakati wa kiangazi, hawezi kuipata. Hukosewa pale nyumba mbili za karibu zinapotofautiana kwa zaidi ya sentimita 20. Mtaalamu huamua kwamba mmoja amesahau, anafuta. Usifute. Mara nyingi katikati yao kuna kalvati iliyoziba au ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji, na hapo ndipo mradi ungepaswa kuanzia.

Kisha mtaro. Tuangalie mfuniko peke yake, kwa sababu ndipo mtu wa ofisini na mtu wa mtaani wanapoachana kabisa. Mchoro wa kawaida unaweka bamba la zege la mita 1.2 kwa mita 1, unene sentimita 15. Lori likipita juu halivunjiki, sawa. Lakini zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo bamba hilo lina kilo zaidi ya 430, na hakuna mtu mtaani atakayeliinua. Baada ya misimu miwili ya mvua mchanga umejaa chini, maji yanapita juu ya mfuniko, na watu wanavunja bamba kwa nyundo wapate kuzibua. Shimo linabaki wazi na mtoto anatumbukia. Vijana wanaozibua mitaro wangeulizwa, wangesema wanataka bamba la sentimita 60 kwa 60, unene 7.5, lenye vishikio viwili vya nondo ya milimita 10. Hilo ni kilo 65, watu wawili wanalibeba. Bamba zito libaki pale tu magari yanapovuka. Mianya kati ya mabamba isizidi milimita 13, vinginevyo gurudumu dogo la kiti cha walemavu hunasa.

Ngazi zina kisa kama hicho. Mbunifu akiona mteremko mkali huweka ngazi, na kwenye picha zinapendeza. Lakini maji ya kunywa hupanda mtaa ule kwa baiskeli yenye madumu sita ya lita 20, yaani kilo 120, inayosukumwa kwa mkono. Ukijenga ngazi tupu umeua biashara ya muuza maji na kupandisha bei ya dumu kwa kila anayeishi juu. Dawa yake ni ukanda laini wa mteremko, upana sentimita 40, pembeni ya ngazi kwa ajili ya magurudumu, na vipandio visivyozidi sentimita 15 kwenda juu na sentimita 35 kwenda mbele, maana aliyebeba dumu kichwani haangalii chini. Pale kiti cha walemavu kinapotakiwa kupita, mteremko usizidi 1 kwa 12 (sentimita 1 kwenda juu kwa kila 12 za kwenda mbele), na kila unapopanda sentimita 75 pawe na bapa la mita moja na nusu la kupumzikia. Upana wa njia uwe mita 1.8 angalau, ili wawili wenye madumu mikononi wapishane.

Wanawake wakipewa nafasi ya kusema bila wanaume, jambo la kwanza mara nyingi ni giza. Ule ua wa miche wa mita moja na nusu unaopendwa sana kwenye michoro huficha mtu. Ukate usizidi sentimita 60, na matawi ya chini ya miti yakatwe hadi kimo cha mita 2, macho yapite katikati.

Kuhusu miti, hapa wataalamu huwa wagumu kuelewa. Wakazi wakikataa miche ya bure wanaandikwa kwamba hawana uelewa wa mazingira. Kumbe kwenye ardhi ya mailo, ambako mmoja ana hati na mwingine anakaa juu ya kipande chake (kibanja), mti wa kudumu ni ushahidi wa umiliki. Mwenye kibanja akipanda mfenesi au mutuba (mti wa kitambaa cha magome), mwenye hati anaona mtu anayeota mizizi. Mpangaji akipanda, mwenye nyumba anauliza anajiona nani. Mmea wa mulamula hupandwa mipakani kwa kusudi hilohilo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza miche, makubaliano yaandikwe: mti uko kwenye eneo la njia, matunda ni ya nani, atakayeukata ni nani, na kwamba haumpi yeyote haki mpya ya ardhi. Baada ya hapo ndipo mambo ya bustani: shimo la sentimita 60 kila upande, mbolea iliyooza vizuri, kupanda Machi au Septemba mvua zinapoanza, uzio wa kuzuia mbuzi, na dumu moja la maji mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha Desemba hadi Februari. Mutuba usipandwe karibu na mtaro au msingi. Mizizi yake hupasua zege. Karibu na nyumba mti wa lusambya ni afadhali.

Mchoro wa karatasi huwanyamazisha watu wengi, hata wenye elimu, kwa hiyo chora chini kwa ukubwa halisi. Mifuko miwili ya chokaa, vigingi 50 na kamba ya mita 200 vinatosha kwa kipande cha mita 60. Weka mstari wa mtaro, ukingo wa njia, na kila meza ya mchuuzi kwa kipimo chake, tuseme mita 1.2 kwa 1.8. Uache siku tatu, boda zipite, soko lijae. Palipofutika kwa nyayo pana jambo: mchoro unapingana na mwendo wa watu. Wachuuzi waandikwe wakati huohuo, kila mmoja na namba ya meza, picha, na nakala yake mkononi. Orodha ikibaki kwa kiongozi peke yake, meza mpya huishia kwa watu wasiojulikana. Wanachama wa shirikisho la wakazi wa makazi duni Uganda wana uzoefu wa kuhesabu na kuchora ramani za mitaa yao. Waajiriwe kwa kazi hii, badala ya kuitwa kama mashahidi.

Fedha za matunzo zitoke wapi? Nairobi, shirika la Kounkuey Design Initiative limejenga maeneo ya umma Kibera ambayo vikundi vya wenyeji huyaendesha, na huduma kama vyoo na maji huingiza kipato. Mfano huo unafaa hapa, kwa sharti kwamba bei ya choo ipangwe na wanaokitumia kila siku. Wapangaji nao wana hofu ya haki kabisa: taa na njia nzuri hupandisha kodi. Sijaona mchoro unaozuia hilo. Kuhesabu wapangaji kabla ya ujenzi na mwaka mmoja baadaye kungeonyesha angalau ni nani aliyenufaika.

Mwisho ni mkataba. Kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro kikiwa miezi sita, miti itakauka yeye akishaondoka, kwa sababu huenda haijakutana na kiangazi hata kimoja kirefu. Kiandikwe miezi 12, sehemu ya malipo yake inayozuiliwa isilipwe mpaka kila mti uliokufa upandwe tena na kila bamba lijaribiwe kuinuliwa, na hati ya malipo iwe na sahihi tatu za ziada: ya anayezibua mtaro, ya muuza maji, na ya mama mmoja wa sokoni aliyechaguliwa na wenzake.