Pesa Ziwekwe Mezani

Mzee mmoja wa Texas nusura apigane kwa ajili ya dola tatu. Tulikuwa kwenye meli ya kitalii, tumeiacha bandari ya Galveston jioni ile tukielekea Cozumel, na kasino ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, maana meli ikiwa bandarini meza zote hufungwa mpaka itoke nje ya maji ya nchi. Mzee aliweka dola 10, akapata esi na mfalme, yaani blakijeki safi, 21 kwa karata mbili tu. Mgawaji karata, binti Mfilipino, akamlipa dola 12. Mzee akaruka: "Ni 15! Tangu nizaliwe ni 15!" Binti hakubishana naye. Alinyoosha kidole kwenye kitambaa cha meza, pale palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba blakijeki hulipa 6 kwa 5, yaani dola 6 kwa kila dola 5 za dau. Akaja msimamizi, akasoma maandishi yale yale, akaondoka. Hakuna aliyeitwa pembeni. Hakuna aliyeulizwa yeye ni mtoto wa nani. Mzee akanuna, akakusanya sarafu zake, akaenda kutafuta meza nyingine.

Mimi nilibaki nimekaa pale nikicheka peke yangu. Raha niliyoisikia, banange, si ya dola tatu za mtu mwingine. Ni raha ya kuona ubishi unakwisha kwa kusoma.

Kabla hamjaanza, ninyi wa nyumbani: ndiyo, ni mimi yule yule ninayesema sina pesa mkiniomba. Ninatunza wazee Houston, zamu za usiku, na safari ya siku chache kutoka Galveston hainigharimu hata nusu ya nauli ya ndege ya kuja Entebbe, kwetu Uganda. Karo nimetuma. Paa la mama limemalizika. Kile kidogo kinachobaki nakipangia mwenyewe, nikifika mwisho wake nanyanyuka. Sisi wa kyeyo, yaani tunaobangaiza ughaibuni, tunaruhusiwa kupumzika, ingawa najua picha moja tu ya mtu ameshika glasi kando ya bahari inatosha kuitisha kikao cha ukoo.

Sasa niwaeleze ninachokipenda pale, maana si ushindi.

Ukitaka kununua sarafu za kuchezea, ukinyoosha mkono kumpa mgawaji noti, hazipokei. Haruhusiwi. Anakuonyesha kitambaa: weka hapa. Ukishaziweka, anazitandaza moja moja chini ya kamera iliyo darini, anataja kiasi kwa sauti, msimamizi anaitikia, ndipo noti zinasukumwa kwenye tundu la sanduku lililo chini ya meza. Mkono wako na mkono wake havigusani kabisa. Zamu yake ikiisha, kabla hajaondoka mezani, anapiga makofi mara moja na kugeuza viganja juu na chini ili kamera ione hajabeba kitu. Kila mgawaji, kila zamu. Hata yule aliyefanya kazi hiyo miaka mingi na anayeaminiwa na wote anapiga makofi yake na kuonyesha viganja.

Mnajua nilimfikiria nani. Mnamjua pia, kila mmoja wenu ana wake. Wangu alikuwa kwenye ofisi moja ya wilaya ambayo sitaitaja, nilipofuata karatasi za kiwanja cha mama. Ada ilikuwa imebandikwa ukutani, na mhuri juu yake. Nilikuwa na risiti ya benki. Lakini faili halikuonekana, kisha likaonekana ila bosi hayupo, kisha bosi yupo ila mtandao umekatika, kisha kijana mmoja akanisindikiza mpaka nje ya geti akiniuliza habari za safari. Nilitoka siku ile nikiwa nimelipia mafuta ya gari ambalo sijaliona mpaka leo. Hakuna aliyeniomba rushwa, mkumbuke. Sote tulikuwa wastaarabu sana.

Na jambo linalonikaa moyoni zaidi si hata kamera. Ni kwamba mgawaji wa blakijeki hana uamuzi. Kwa msiojua mchezo: kila mtu anajaribu kuikaribia 21 bila kuipita. Mimi mchezaji nina hiari, naweza kuongeza karata, kusimama, kuzidisha dau mara mbili, kugawa karata mbili zinazofanana ziwe mikono miwili. Yeye hana. Akiwa na 16 lazima achukue nyingine, hata kama anaona kwamba kila mtu mezani ana 12 na angeshinda kwa kukaa kimya. Akifika 17 anasimama. Meza nyingine humlazimisha aongeze ikiwa 17 yake ina esi inayohesabiwa 11, na hilo nalo limeandikwa kwenye kitambaa. Hawezi kunionea huruma, hawezi kunichukia, hawezi kuniambia nije Alhamisi. Hiari yote iko upande wangu, na upande wa mwenye nguvu ni sheria peke yake. Kwetu tumeugeuza: raia ndiye hana hiari, mwenye dirisha anayo yote.

Najua kuna anayesema, "Dada, umekwenda mbali hivyo ili utufundishe uadilifu kutoka kwenye kasino?" Subiri, bado sijamaliza.

Mimi ni mtoto wa kambi. Karata sikuzijulia Marekani. Baba yangu alikuwa sajini, na nyuma ya nyumba zetu, chini ya mwembe, matatu, si basi bali mchezo wetu wa karata, ilichezwa kuanzia saa za mchana mpaka filimbi ilie, kwa Kiswahili cha jeshi chenye matusi ya lugha zote za nchi. Yeyote aliyekulia Uganda anajua: karata saba kila mtu, 2 inakulisha mbili, 7 ya aina iliyowekwa chini inakata mchezo na watu wanahesabu pointi. Tulipokuwa na miaka tisa, kumi, tulijumlisha karata haraka kuliko mwalimu wa hesabu. Ninapokaa kwenye meza ya meli na Wamarekani wawili wanahesabu kwa vidole kama 5, 4 na 6 ni 15, samahani, kifua kinanitanuka. Nisamehewe. Sitaomba radhi kwa kile nilichofundishwa na masajini.

Lakini matatu yetu! Je, esi ya shupaza inafuta 2 au haifuti? Inategemea uko steji gani. Je, unaweza kumaliza kwa karata ya kukata? Inategemea nani anataka kumaliza. Sheria haijulikani mpaka karata iwe imeshatua chini, na hapo inaamuliwa na mwenye sauti, au mwenye cheo, au mwenye karata zenyewe. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwenye karata. Kwa miaka mingi sijamwona akishindwa. Alikuwa akishindwa, halafu inagundulika kwamba kuna sheria tulikuwa hatujaambiwa.

Nilipofika kwenye blakijeki, kilichonishangaza zaidi ni kikadi. Kuna kikadi kidogo, ukubwa wa kadi ya benki, kimechorwa jedwali: ukiwa na hiki na mgawaji akionyesha kile, fanya hivi. Zidisha dau kwenye 11 akionyesha 6. Gawa esi, gawa 8, usigawe 10 kamwe. Kwenye 16 mbele ya 10 yake, ongeza ingawa roho inakataa. Wakikutolea "bima" wakati ana esi, yaani dau la pembeni kwamba amepata blakijeki, kataa. Ni dau linalowaachia zaidi ya asilimia 7. Na kasino inakuruhusu ukiweke mezani kikadi hicho, ukisome mbele yao, ilimradi usiwacheleweshe wenzako. Hebu fikirini. Kuingia na majibu kwenye chumba cha mtihani, na msimamizi anakuambia sogea karibu na taa usome vizuri.

Na waliokokotoa majibu hayo walikuwa wanajeshi! Wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, wa jeshi la Marekani pale Aberdeen, Maryland, wakitumia mashine za mezani za kujumlishia. Wakachapisha hesabu yao mwaka 1956 kwenye jarida la watakwimu. Nilipolisoma hilo nilimpigia baba simu usiku wa manane. Akauliza swali moja: walipandishwa cheo?

Sasa basi, hasira yangu, maana ninyi mnaodhani nimelewa Marekani hamjaifikia.

Ukifuata kikadi bila kosa kwenye meza yenye sheria nzuri, nyumba, yaani kasino, inabaki na kama nusu ya asilimia ya kila unachoweka. Inakula, lakini kwa adabu. Ila ile 6 kwa 5 iliyomkera mzee wa Texas inaongeza karibu asilimia 1.4 juu ya hapo. Blakijeki huja takriban mara moja katika kila mizunguko 21, na kila ikija unanyimwa dola 3 kwenye dau la 10. Imeandikwa kwa herufi kubwa, kwenye kila meza ya dau dogo niliyoiona, na watu wanakaa. Wanakaa! Watu waliosoma, wenye pensheni, wenye mawakili. Mpelekee yule mama anayeuza mitumba soko la Owino, Kampala, ofa ya kulipwa 12 mahali pa 15 uone kama utaondoka na shati lako. Hahitaji kikadi. Anaijua hesabu ile akiwa amekupa mgongo, anamnyonyesha mtoto.

Kwa hiyo sisi tunaosoma kila kitu hatuandikiwi, na hawa walioandikiwa hawasomi. Nikilifikiria hilo sana usingizi unanipaa.

Wa pili anayenijibu namwona tayari, shangazi yangu wa Nebbi, mwenye Biblia mkononi: kamari ni kamari. Kweli, shangazi. Sijasema niwekewe sanamu. Lakini tusijifanye kwamba kamari ni jambo la melini. Sheria yetu ya mwaka 2016 inasema asiyefikisha miaka 25 asicheze, mabango ya kubeti yenyewe yameandikwa 25+, na mnajua waliopanga foleni mle ndani Jumamosi wana umri gani. Mashine za kutumbukiza sarafu zimefika kwenye vituo vya biashara ambavyo havijafikiwa na zahanati. Yule kijana wa bodaboda aliyeshika kikaratasi chenye mechi kumi na mbili haambiwi popote kwamba kila mechi anayoiongeza inampa mwenye duka kipande kingine. Anaambiwa nani alishinda mamilioni. Mimi nikipoteza dola 60 nikiwa najua ni kwa nini nimezipoteza, na yeye akipoteza nauli ya wiki akidhani ni mkosi wa Arsenal, nani kati yetu ametapeliwa?

Wa tatu ni mkali zaidi, na ana hoja, kwa hiyo nimwachie nafasi. Anasema: uwazi huo ni wa meza tu, angalia meli yenyewe. Nimeiangalia. Imejaa Wamarekani, inapakia Marekani, inarudi Marekani, na nyuma yake inapepea bendera ya Bahama. Nyingine ni ya Panama. Kodi na sheria za kazi wanazichagulia bendera, na hiyo haijaandikwa kwenye kitambaa chochote. Binti Mfilipino anafanya kazi siku saba kwa wiki, miezi mfululizo, na sehemu kubwa ya riziki yake ni bakshishi. Nilimuuliza kwao ana watoto. Ana wawili, wako kwa mama yake. Tulielewana bila maneno mengi, kyeyo ni kyeyo. Wakubwa wake nao wana chini ya meza yao, pana na yenye zulia, ila hawawaruhusu wadogo wawe nayo. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Wao wamembana karani na kumwachia tajiri. Sisi tumemwachia mpaka mlinzi wa geti.

Na wewe unayesema "basi usirudi," pole, nimeshakata tikiti. Narudi Disemba kama kila mtu, nitakaa kwenye foleni ya magari Jinja Road nikitukana kwa Kiswahili na kufurahi, nitakula gonja la kuchoma mpaka niugue. Sijasema huku ni kuzuri. Huku jirani yangu wa mlango wa tatu alifariki na tukajua baada ya siku kadhaa. Nimesema kuna kitu kimoja, kimoja tu, kinachowezekana: mwenye mamlaka kuzuiwa asipokee noti mkononi. Hakihitaji akili za kizungu. Kinahitaji kitambaa, maandishi, na mtu wa tatu anayetazama.

Nimeamua kuanza na ninachokiweza. Nimeandika sheria za matatu kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, vipengele kumi na kimoja, pamoja na swali la esi ya shupaza, nami nitaibandika kwenye mwembe Krismasi kabla karata hazijagawiwa. Nimeituma kwenye kundi la familia ili watu watoe maoni mapema. Binamu wote wamekubali. Mjomba ameisoma, ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, anasema ni kazi nzuri sana, anaiunga mkono, na itamhusu kila mtu isipokuwa mwenye karata.