Dawa za Kichina: mti upi, kipimo gani?

Ukigusa tu habari ya dawa za Kichina watu wanagawanyika hapo hapo. Wapo wanaokwambia hii tiba ina maelfu ya miaka, Wachina wenyewe ni bilioni moja na ushee, zingekuwa hazitibu wangefikaje idadi hiyo. Na wapo wanaosema ni utapeli mtupu, wanakumbuka ile fremu ya mtaani unashikishwa kimashine, kompyuta inatoa ripoti ya figo, ini, kongosho na nguvu za kiume, halafu unatoka na makopo ya vidonge na mfuko mweupe. (Kile kimashine kwanza hakihusiani kabisa na tiba ya jadi ya China, tabibu wa kule anakushika mshipa wa mkono, anakuangalia ulimi, anakuuliza maswali.)

Mi naona pande zote mbili zinakosea sehemu moja, zinaichukulia kama furushi, ama ubebe lote ama ulitupe lote.

Tuanze na huo ukale, maana upo kweli. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, karibu miaka 1800 iliyopita, aliandika mwanzoni mwa kitabu chake kwamba ukoo wao ulikuwa na watu zaidi ya 200 na ndani ya miaka isiyofika 10 theluthi mbili walishazikwa, wengi kwa homa. Akakaa chini akapanga, mgonjwa mwenye dalili hizi mpe mchanganyiko huu, zikigeuka hivi badilisha, na baadhi ya michanganyiko yake inachemshwa mpaka leo. Karne ya 16 akaja Li Shizhen akakusanya dawa 1,892 kwenye kitabu chake Bencao Gangmu, kazi iliyomla karibu miaka 30. Hawa hawakuwa watu wa mchezo, walikuwa wanalinganisha na kuwasahihisha waliotangulia. Ila humo humo kwenye kitabu cha Li kuna dawa za nywele, kucha na mkojo wa binadamu. Kwa hiyo ukisema "ni ya zamani" umezibeba zote, inayotibu na isiyotibu, na ukale hausemi ipi ni ipi.

Halafu Wachina wenyewe wamegombana sana juu ya hili jambo. Mwaka 1929 kulipelekwa pendekezo serikalini, la daktari Yu Yunxiu aliyesomea Japani, kwamba tiba ya jadi ifutwe taratibu, matabibu wakacharuka, Shanghai wakagoma na kufunga maduka, pendekezo likakwama. Miaka ya 1950 kiongozi wa China, Mao, akaibeba, nchi ina watu mamia ya milioni na madaktari wa hospitali wa kuhesabu, ungefanyaje sasa. Daktari wake binafsi Li Zhisui aliandika baadaye kwamba mzee mwenyewe akiumwa dawa hizo alikuwa hazitaki. Na hii inayofundishwa vyuoni leo, yenye silabasi na vitabu vya kiada, kwa sehemu kubwa ilipangwa upya kipindi hicho hicho, sio kwamba imeshuka nzima nzima kutoka kwa mababu.

Karata kubwa ya mashabiki ni artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, na ni karata kweli. Vita ya Vietnam, malaria inawamaliza askari wa Vietnam Kaskazini, wakaomba msaada China, ukaanzishwa mradi wa siri ulioitwa 523 kwa sababu ulianza tarehe 23 mwezi wa tano, mwaka 1967. Mtafiti wa mradi huo Tu Youyou na wenzake wakapekua maelekezo ya zamani zaidi ya 2,000, wakawapa panya majimaji ya aina karibu 380 yaliyotolewa kwenye mimea kama 200. Mmea unaoitwa qinghao ulitoa majibu mazuri, ukirudiwa unagoma. Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, kinasema chukua konzi moja ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha. Akahisi moto ndio unaoiharibu dawa, akaitoa dawa kwa etha, kimiminika ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafagia vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaimeza wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Nobel ikaja 2015.

Kila upande unakata kipande unachokipenda. Shabiki anasema unaona, mababu walijua. Mpinzani anasema mababu gani, ni etha na panya. Mi nasema bila lile andiko huenda Tu asingewaza habari ya joto, hilo wapinzani wakubali yaishe. Ila watetezi nao wanaruka jambo moja gumu: lile andiko lilikaa miaka 1600 na malaria ikaendelea kuua China muda wote huo. Kwenye maduka ya dawa jina la qinghao walipewa mimea zaidi ya mmoja, na kati ya hiyo ni Artemisia annua ndio yenye artemisinini. Halafu mazoea ya kule ni kuchemsha mizizi na majani kwenye chungu mpaka maji yapungue, yaani dawa inaharibika jikoni. Jibu lilikuwepo kwenye karatasi lakini hapakuwa na njia ya kulitenganisha na majibu mengine mia ya uongo yaliyoandikwa pembeni yake.

Na hili linatuhusu moja kwa moja. ALu, ile mseto ya malaria, vidonge 4 asubuhi 4 jioni kwa siku 3 kwa mtu mzima, unaambiwa umeze na maziwa au chakula chenye mafuta, artemether na lumefantrine zote zimetoka kwenye kazi ya mradi ule ule. Kwa hiyo mtu anayesema Wachina hawana dawa huku mwanae ametibiwa na mseto namshangaa, na anayechemsha majani ya artemisia nyumbani badala ya kwenda zahanati namshangaa zaidi. WHO haishauri hiyo chai kwa sababu ya kueleweka kabisa: dawa iliyomo haiko sawa kati ya mmea na mmea, inaweza kushusha homa ikaacha vimelea vinajipanga, na vimelea vyenye usugu kwa artemisinini vimeshaonekana Rwanda, Uganda mpaka Kagera. Hapo sio pa kufanyia majaribio.

Karata ya wapinzani nayo ni nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene huko Brussels iliongeza mizizi ya Kichina kwenye vidonge vyake, wanawake wakaanza kupoteza figo, zaidi ya 100 waliumia na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ilikuja kujulikana kwamba palipotakiwa mzizi wa Stephania kulikuwa na Aristolochia, yote miwili kule ina jina la fangji, mtu kaagiza kwa jina kaletewa sumu. Watetezi wakajibu haya si matumizi ya jadi, nani alisema fangji ni ya kupunguza tumbo, tena imechanganywa na dawa za kizungu za kukata hamu ya kula. Ni kweli, ila nusu. Aristolochia za aina nyingine zilikuwa zikitumika kwa jadi kabisa China na Taiwan, na mwaka 2003 China yenyewe ikaipiga marufuku mojawapo. Mimea ya jamii hiyo imetumika karne na karne bila mtu kuona shida, kwa sababu figo inakufa polepole na saratani inakuja miaka mingi baadaye, nani ataunganisha na ile dawa aliyokunywa zamani? Hapo ndipo hoja ya "babu zetu walitumia hawakudhurika" inaponichosha. Kuharisha papo kwa papo babu aliona. Hiki hakukiona.

Na kuna janga lingine ambalo hata sio la mizizi. Singapore mwaka 2008, ndani ya miezi 5, watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari imeshuka vibaya, 4 wakafa. Walikuwa wamekunywa dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba, ndani kumewekwa glibenclamide ambayo ni dawa ya kisukari. Sasa kopo lenye maandishi ya Kichina matupu ukiuziwa mtaani na likakupa nguvu ndani ya nusu saa, usishangilie haraka, jiulize kuna nini humo.

Watetezi wanabakiza hoja moja ninayoiheshimu: tabibu wa Kichina hatoi dawa moja kwa ugonjwa mmoja, anakuchanganyia wewe, dawa kuu na wasaidizi wake, wiki ijayo anapunguza hiki anaongeza kile, kwa hiyo eti majaribio ya kizungu hayawezi kuipima. Ila Waaustralia waliipima, matokeo yakatoka 1998. Wagonjwa 116 wenye tumbo linalosumbua muda wote bila kidonda, wote wakapimwa na tabibu wa Kichina, wote wakapewa kapsuli zinazofanana, ila kundi moja limo dawa aliyoandikiwa mtu binafsi, la pili mchanganyiko mmoja kwa wote, la tatu kapsuli bandia. Makundi mawili ya dawa yalipata nafuu kuliko la bandia, na wiki 14 baada ya kuacha, waliochanganyiwa kibinafsi ndio nafuu yao ilibaki. Kumbe inapimika! Watu 116 ni wachache, ilitakiwa irudiwe kwa maelfu, na kampuni za dawa haziwezi kuhangaika na mchanganyiko ambao kila mtu anao kwenye kitabu cha zamani. Serikali ya China inayo pesa hiyo na ndiyo inayozinadi dawa hizi dunia nzima, basi ilipie.